Wacheni Kuuziana Namba

Nimechoka kuulizwa "ina megapikseli ngapi?" Nimeulizwa na binamu zangu, na makanga, na wasee wa harusi wenye lenzi ndefu kama bomba la maji, na juzi nimeulizwa na mama wa kibanda cha chai ambaye hata hakutaka kupigwa picha. Alitaka namba tu. Huyo simlaumu. Matangazo yamemfundisha hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ila kuna watu ninaowalaumu, nao ni wale wanaojua ukweli vizuri sana na bado wanawauzia vijana wa rika langu namba, kwa bei ya kodi ya nyumba.

Kwa hivyo wacha niseme bila kuzungusha. Canon PowerShot G11, yenye megapikseli 10, ni kamera bora kwetu sisi kuliko Canon PowerShot G10, yenye megapikseli 14.7. Ile yenye namba ndogo ndiyo bora. Na anayekubishia hilo, aidha ana G10 ya kuuza, au hajawahi kupiga picha saa mbili usiku ndani ya nyumba yenye balbu moja.

Najua kwa nini tunaongea kuhusu kamera za 2008 na 2009 leo. Hizi kamera ndogo zilikuwa zimelala kwenye droo za wajomba, kando ya chaja za Nokia na stakabadhi za shamba, hadi juzi tu. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali duniani. Kufikia 2023 hazikufika hata milioni 8. Simu ilikula hiyo biashara mpaka mifupa. Halafu watoto waliozaliwa wakati hizo kamera zinatengenezwa wakaanza kuzitaka tena, kwa sababu picha ya simu siku hizi inatoka ikiwa imelainishwa, imeng'arishwa na kunyooshwa kabla hata hujaiomba. Naelewa hiyo kiu. Ninayo pia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Ukiandika huku Nairobi, mhariri anataka makala na picha kwa bei ya makala peke yake. Kamera kwangu ni jembe. Ndiyo maana sina subira na mtu anayeuza jembe kwa kusifu urefu wa mpini.

Sasa, hizi mbili. Ukoo wa G wa Canon ulianza mwaka 2000 na G1, na kila toleo lilikuwa la mtu anayejua kupiga picha lakini hataki kubeba kamera kubwa. Halafu vita ya megapikseli ikaanza. G7 ilitoka 2006 na megapikseli 10, lakini Canon wakaiondolea uwezo wa kuhifadhi faili za RAW, wakaiondolea pia ile skrini ya kuzungushwa. G9 ikaja 2007 na megapikseli 12.1, RAW ikarudi baada ya watu kupiga kelele. G10 ikaja 2008 na 14.7. Mwaka uliofuata, 2009, Canon wakafanya kitu ambacho kampuni za kamera hazikuwa na tabia ya kufanya: wakarudi nyuma. G11 ilitoka na megapikseli 10, sawa na kamera ya miaka mitatu iliyopita, na wakairudishia skrini ya kuzunguka.

Hebu fikiria mkutano uliofanyika kabla ya hapo. Mtu fulani Japani alisimama mbele ya watu wa mauzo akawaambia tutatoa kamera mpya, bei ileile, na namba kwenye boksi itakuwa ndogo kuliko ya mwaka jana. Sijui alivaa nini siku hiyo lakini ningemnunulia soda.

Uzuri wa kulinganisha hizi mbili ni kwamba zinafanana karibu kila mahali pengine. Lenzi ni ya kiwango kilekile, milimita 28 hadi 140 kwa hesabu ya filamu, na uwazi wa f/2.8 ukiwa karibu, f/4.5 ukivuta hadi mwisho. Ubongo ni uleule, DIGIC 4. Betri ni ileile, NB-7L. Hata bei yake Marekani zilipotoka ilikuwa moja, dola 500 kasoro senti. Na kihisi cha mwanga, kile kipande kinachoshika picha, kina ukubwa uleule: karibu milimita 7.6 kwa 5.7, kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Tofauti kubwa ni moja. Kwenye ukucha huo G10 imepanga pikseli milioni 14.7 na G11 imepanga milioni 10.

Chukua ploti moja Pipeline ujenge bedsita kumi. Halafu ploti ya ukubwa uleule, jenga kumi na tano. Mwenye nyumba atakuambia ya pili ni kubwa kwa sababu ina vyumba vingi, na kwa hesabu yake ya kodi hajakosea. Lakini uliza anayelala ndani. Kila pikseli ya G11 ina eneo karibu mara moja na nusu ya ile ya G10, na pikseli ni chumba cha kukusanya mwanga. Mchana hakuna shida, mwanga ni wa bure, kila chumba kinajaa. Usiku ndipo chumba kidogo kinapobaki na matone mawili matatu, na kamera inalazimika kuyapigia kelele matone hayo ili picha ionekane. Kelele hiyo ndiyo zile chengachenga unazoziona, kama TV ya zamani iliyopoteza stesheni.

Na unapata nini badala yake? Picha ya G10 ina upana wa pikseli 4416, ya G11 ina 3648. Yaani megapikseli zimeongezeka kwa karibu asilimia 47 lakini upana wa picha umeongezeka kwa asilimia 21 tu. Hiyo ndiyo siri ambayo muuzaji hakuambii: megapikseli huhesabu eneo, macho yako huona upana. Ukichapisha picha ya G11 kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 12 kwa 9. Ni lini mara ya mwisho ulichapisha picha ya inchi 12? Hiyo unayoweka Instagram ina upana wa pikseli 1080. Mle ndani hata kamera ya megapikseli 2 inatosha na chenji inabaki.

Kuna mtu nataka mumfikirie mnaposoma hizi namba. Rafiki yangu mmoja, msichana wa mtaani kwetu, aliweka akiba miezi minne anunue kamera. Hakuitaka ya mtindo. Shosho yake alikuwa anatimiza miaka tisini Desemba hiyo, ukoo wote ulikuwa unaenda gichagi, na mwenye kuaminiwa na simu nzuri alikuwa amehamia Qatar. Akaingia duka moja la ghorofani tao. Mezani palikuwa na G10 na G11, zote mbili. Akamwuliza muuzaji, boss, mimi nitapiga usiku, ndani ya nyumba, watu wengi, nichukue gani? Muuzaji hakuuliza swali lolote. Akagonga G10 na kidole akasema, "Madam, hii ni kumi na nne. Hiyo nyingine ni kumi. Si hesabu unajua?" Akamtoza elfu tatu zaidi kwa ajili ya hizo nne.

Mchana picha zilitoka safi. Mbuzi, watoto, migomba, hadi mishono ya kitambaa cha kichwani unaihesabu. Lakini shosho ni mtu wa jioni. Mchana alikuwa analala. Alitoka saa moja, akaketi kwenye kiti chake karibu na meko, na hapo ndipo akaanza zile stori zake, mikono ikienda juu, akicheka na lile jino lake. Balbu moja ya njano. Flashi ilimfanya afumbe macho, kwa hivyo akaomba izimwe, na shosho wa miaka tisini akiomba flashi izimwe, flashi inazimwa. G10 ikapandisha ISO hadi ilipoweza, na kamera ikaanza kufanya kile kamera ndogo hufanya ikizidiwa: ikasugua. Programu ya ndani ikaziona chengachenga, ikajaribu kuzipangusa, na kwa sababu haijui tofauti ya chenga na mkunjo wa ngozi, ikapangusa mikunjo pia. Miaka tisini ya uso ikawa plastisini ya kijivu.

Shosho alizikwa Machi. Picha waliyoweka kwenye gazeti la mazishi ilikuwa ya kitambulisho.

Sisemi G11 ingefanya muujiza. Ni kamera ndogo, na balbu moja ni balbu moja. Ninachosema ni kwamba kwa bei ndogo kuliko hiyo angetoka na picha ambazo uso bado ni uso, na mtu aliyesimama nyuma ya meza alijua, au kazi yake ilikuwa kujua.

Hapa ndipo watu huniambia napeleka mambo mbali, ati kamera ni kamera. Wacha nipeleke mbali zaidi basi. Suala la mwanga hafifu na uso mweusi halijawahi kuwa suala la ufundi mtupu. Kwa miongo kadhaa Kodak walikuwa wakituma kwenye maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, ili mafundi wapime rangi kwa ngozi yake. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine iko sawa. Sisi wengine tukitoka meno na macho tu, hiyo ni bahati yetu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika utafiti mzima kuhusu kadi hizo, ukatoka mwaka uleule wa G11, 2009, na ndani yake mna jambo ambalo hunifanya nicheke kwa uchungu: kati ya waliosukuma Kodak waboreshe jinsi filamu inavyoshika kahawia nzito walikuwa kampuni za chokoleti na za fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti ilisikizwa.

Dijitali ilitoa Shirley mezani lakini haikutoa fizikia. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo zaidi, kwa hivyo kwenye sehemu za giza za picha, pale ambapo chengachenga huanzia, ndipo nyuso zetu hukaa. Uso wa mzungu kwenye picha ya usiku uko juu ya mafuriko. Wetu uko kwenye bonde. Mtu akikuambia chenga si tatizo kubwa, angalia kwanza ana picha za nani.

Na hapa nizisifu kamera zote mbili, maana haki ni haki. Juu upande wa kushoto zina gurudumu la chuma la kurekebisha mwangaza, na upande wa kulia gurudumu la ISO. Huhitaji kuingia kwenye menyu. Kamera yoyote ikipima mwanga hudhani dunia nzima ni ya kijivu cha wastani. Ukimpiga mtu mweusi akiwa amevaa gauni jeupe juani, kamera inaliogopa gauni na kumzamisha mtu. Zungusha gurudumu kwenda juu hatua moja. Ukimpiga uso karibu, ukijaza fremu yote, kamera inadhani ni giza na kumpausha awe kama amejipaka unga. Zungusha chini. Nusu sekunde, kidole kimoja. Kuna kamera mpya za mamia ya maelfu ambazo zimelificha jambo hili kwenye menyu ya tatu, na kuna wapiga picha wa harusi humu tao ambao hawajawahi kuligusa, halafu wanasema "tutafanya editing."

Nijibu wapinzani wangu sasa, maana najua wapo.

Wa kwanza ni yule anayejua historia. Atakukumbusha Michael Reichmann, marehemu sasa, mpiga picha wa Kanada aliyeanzisha Luminous Landscape. Mwaka 2008 aliweka picha za G10 kando ya picha za Hasselblad yenye kihisi cha Phase One cha megapikseli 39, akazichapisha kwa inchi 13 kwa 19, akawaonyesha watu wenye uzoefu. Hawakuweza kutofautisha kwa uhakika. Ni kweli, na ni stori tamu, kamera ya dola 500 ikisimama na mtambo wa bei ya gari. Lakini soma masharti: mwanga mzuri, ISO ya chini, kamera imetulia. Ukiwa mpiga picha wa milima, nenda kachukue G10, nakubariki. Mchana, kwenye kistendi, ukipiga Longonot kutoka barabara ya Mai Mahiu, itakupa majani ambayo G11 haiyaoni. Mimi sijawahi kulipwa na Longonot. Ninalipwa na watu, na watu wa Nairobi hufanya mambo yao baada ya kazi.

Wa pili ni mjanja zaidi, na namheshimu. Anasema: ukipunguza picha ya G10 hadi ukubwa wa ile ya G11, chenga zinapungua pia, kwa hivyo unalinganisha vibaya. Yuko sahihi kwa sehemu. Ukipiga RAW kwa zote mbili, ukasafisha kwa kompyuta na kuzifanya saizi moja, pengo linapungua sana kuliko watu wanavyodai wakivuta picha asilimia mia. Lakini hoja hiyo ina mashimo mawili. Kwanza, wangapi kati yetu wanapiga RAW? Rafiki yangu hakuwa na laptopu. Alipiga JPEG, na kwenye JPEG ile kusugua hutokea ndani ya kamera kabla hujapunguza chochote. Mkunjo uliofutwa haurudi kwa kupunguza picha. Pili, kihisi cha G11 kilikuja na uboreshaji wake pia, na G11 inafika ISO 3200 kwa picha kamili wakati G10 inaishia 1600. Halafu jiulize: kama unanunua 14.7 ili uipunguze iwe 10, ulikuwa unalipia nini?

Wa tatu ndiye ananiudhi kuliko wote. Huyu ni kijana mwenzangu mwenye ukurasa wa kuuza kamera, na neno lake ni moja: CCD. "Hii ni CCD, bro. Rangi za CCD. Hizi hazitengenezwi tena." Anasema CCD vile mganga anavyosema kizizi, na bei inapanda kila akilitamka. CCD ni aina ya kihisi, imevumbuliwa na Willard Boyle na George Smith kwenye maabara za Bell mwaka 1969, na wazee hao walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2009. Wanastahili. Lakini CCD yenyewe haijui rangi. Inahesabu mwanga tu. Rangi inatoka kwa vichujio vidogo vyekundu, kijani na buluu vilivyowekwa juu yake, mpango aliousajili Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976, na mpango huohuo uko juu ya vihisi vingi vya CMOS, pamoja na vya simu. Baada ya hapo rangi ni kazi ya programu.

Na ushahidi uko palepale mezani: G10 ni CCD. G11 ni CCD. Kama CCD ndiyo uchawi, mbona picha za usiku za hizi mbili hazifanani? Ule muonekano mnaoupenda, wa uso unaong'aa na ukuta mweusi nyuma, ni flashi ya moja kwa moja. Ni flashi tu. Weka flashi hiyo kwenye kamera ya CMOS ya 2013 utapata karibu kitu kilekile, na kwa bei nafuu, kwa sababu bado hakuna aliyetunga hekaya kuihusu. Canon wenyewe waliachana na CCD kwenye ukoo huu walipotoa G15 mwaka 2012, na hakuna aliyevaa nguo nyeusi.

Mnisamehe, lakini huu ni mchezo uleule wa simu. Unaingia dukani unaambiwa simu ina megapikseli 108. Haikuambii kwamba kwa kawaida inaunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Yaani mhandisi amefikia hitimisho la G11, kwamba vyumba vikubwa vichache ndivyo vinaona usiku, lakini mtu wa mauzo akakataa kurudisha namba chini. Wakaelewana: tutajenga vyumba 108, tubomoe kuta ndani, halafu kwa boksi tuandike 108. Mwaka 2009 angalau walikuwa na adabu ya kuandika 10.

Kinachoniuma ni nani analipa. Tajiri hafilisiki akinunua kamera mbaya, anaitupa kwa droo na kuagiza nyingine. Wanaoumia ni yule kijana anayetaka kuanza kupiga watu picha pale KICC Jumapili akizichapisha papo hapo, ni dada anayetaka kuuza nguo za mitumba mtandaoni na hana mwanga ila wa korido, ni mtu kama mimi anayepiga mazungumzo kwenye baa ya vitabu ambapo taa zimepunguzwa ili tuonekane wasomi. Kwa hao tofauti ya elfu tatu ni chakula cha wiki, na kamera isiyoona usiku ni kazi iliyopotea. Ukimwongopea mtu kama huyo kwa namba, wewe si mfanyabiashara mjanja. Wewe ni kama yule wa kupunguza mafuta ya taa kwenye chupa.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi: ile skrini. Ya G10 ni kubwa kidogo, inchi 3, na imegandishwa mgongoni. Ya G11 ni inchi 2.8 na inafunguka, inapinduka, inazunguka. Wauzaji husema ya G10 ni bora kwa sababu, mmeshakisia, namba ni kubwa. Lakini na skrini ya kuzunguka naweza kushika kamera kiunoni, niangalie chini kama mtu anayesoma meseji, na mzee wa draft pale kona asigande akianza kutengeneza kola. Naweza kuipandisha juu ya umati wa maandamano nikaona ninachopiga. Askari wa jengo akianza kunikaribia na lile swali lake la "nani amekuruhusu," naipindua skrini ikaangalia ndani, inazima na kulindwa, na kamera inaonekana kama kitu cha baba yangu. Hayo hayana megapikseli.

Ukienda kununua basi, nenda mchana lakini usipime mchana. Ingia nayo ndani kabisa ya duka, kule nyuma wanakoweka maboksi, zima flashi, weka ISO 800, mpige picha muuzaji mwenyewe. Angalia mashavu yake kwenye skrini ukivuta karibu. Kama hana vinyweleo, anakuuzia plastisini. Sikiliza lenzi ikitoka na kuingia. Ikikwaruza kama sahani, ondoka, ukarabati utakula bei ya kamera. Fungua mlango wa betri uone kutu. Usikubali kadi ya GB 64 anayokupa kama zawadi, kamera hizi zote mbili ni za zama za SDHC, kikomo chake GB 32, na hiyo ya 64 inaweza kukugomea siku ya kazi. Uliza betri ya pili, maana ya kwanza ina umri wa mtoto wa sekondari.

Halafu atakuuliza kwa nini unataka hiyo ya kumi na kuna ya kumi na nne hapa. Usimweleze lolote. Mwambie tu huna pesa ya hiyo kubwa. Akikusikia ukisema neno kuhusu mwanga au pikseli, ataongeza elfu mbili papo hapo na kesho ukurasa wake utaanza kuimba G11.